Abiria wa Kwanza wa Reli ya Rumonge

Siku ya tatu Shafii alifungua kinywa amwitikie shemeji yake, na mtu mwingine akamuwahi.

"Asmani wa Kabonga," nyapara Amissi aliita, macho yake kwenye daftari.

"Niko."

Sauti ilitoka nyuma, upande wa rundo la mataruma, vile vyuma vizito vinavyolazwa chini ili reli ikae juu yake. Ilikuwa sauti ya Asmani tupu, kavu, ya mtu aliyezoea tumbaku. Amissi akatia alama, akaita jina lililofuata. Shafii akageuka taratibu. Watu mia mbili walikuwa wamejipanga pale mchangani, wanapiga miayo, wanajikuna, na nyuma yao kwenye vyuma hapakuwa na mtu.

Alijaribu kujidanganya. Labda homa imemwachia, amejikongoja, amekuja. Lakini asubuhi ileile alikuwa amepitia kwa dada yake Mwamini, akamkuta Asmani mkekani amefunikwa nguo tatu, meno yanagongana. Mtu wa hali ile hafiki hata mlangoni.

Niseme kidogo habari ya reli yenyewe, maana wenye ramani watakuapia haikuwepo. Ilikuwepo, sema haikumaliza kuwa. Ulikuwa ule mwaka garimoshi la Wadachi lilipokaribia Kigoma, na kila Mdachi wa Urundi akaota lake. Wetu alikuwa mwembamba, mwenye masharubu ya manjano, na kwa vile hakuachana na kamba yake ya kupimia watu walimwita Bwana Kamba. Katika karatasi yake palikuwa na mstari mwekundu uliotoka Kabonga, ukapita Nyanza na Rumonge, ukaenda hadi Usumbura, na matawi mawili ya kupanda milimani kwa kina Bugarama. Kwenye karatasi garimoshi lilikuwa limekwisha fika kila mahali. Kwenye ardhi Rumonge ilipata tuta la udongo, mataruma mia chache yaliyoshushwa na meli, na msiba ninaotaka kuusimulia.

Kuitikiana lilikuwa jambo la kawaida pale. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, chumba kimoja kwa siku moja ya kazi. Ukikosa siku tatu mfululizo, jina lako linafutwa na wewe unapelekwa kubeba mizigo ya askari milimani, na huko si wote waliorudi. Kwa hiyo mwenzako akiugua unamwitikia. Unabana pua kidogo, unasema "Niko," siku yake inapona. Hata Amissi alijua, akajitia kiziwi. Asmani alikuwa amefikisha siku tisa homa ilipomwangusha. Ya kumi Shafii alimwitikia, ya kumi na moja pia. Nani asingefanya hivyo kwa mume wa dada yake?

Ila hakuna aliyewahi kuitikiwa na rundo la vyuma.

Mataruma yalibebwa na watu wawili wawili, na tangu Shafii aanze kazi mwenzake alikuwa Asmani. Asubuhi ile aliinama ashike upande wake, akingoja Amissi ampe mtu mwingine. Chuma kikainuka. Upande wa pili alisimama mtu mwenye kaniki ya Asmani, mabega ya Asmani, na kovu la Asmani kwenye kiwiko, amempa mgongo. Shafii hakuhisi uzito. Taruma lile lililozoea kumkata bega lilikuwa jepesi kama ufagio, na chuma, ingawa jua lilikuwa limeanza kuchoma, kilikuwa baridi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Umepona?"

Yule hakugeuka. Alitembea. Rumonge ile, na dagaa waliotandazwa mchangani kutoka kijito hadi sokoni, ilikuwa na nzi wengi kuliko watu. Walikaa machoni, midomoni, kwenye vidonda. Shafii alikuwa anawafukuza kwa kutikisa kichwa. Kwenye mgongo ule mbele yake hakutua hata mmoja.

Mchana ndio ulikuwa wakati mbaya. Wavuvi wanaokesha ziwani na mioto yao hulala jua linapokuwa utosini, na wake zao hulala nao, kwa hiyo mji unanyamaza kabisa. Wafanyakazi nao walikuwa wamejitupa chini ya michikichi. Shafii hakupata usingizi. Alilala kifudifudi anatazama tuta, na juu ya tuta yule mtu alikuwa peke yake, anainua taruma na kulitua, anainua na kulitua, bila jasho, bila sauti. Kisha upepo uligeuka ukaleta harufu, na Shafii, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli ya Tabora, aliijua mara moja. Ilikuwa harufu ya garimoshi: makaa, mafuta ya moto, na chuma kilichomwagiwa maji. Garimoshi la karibu lilikuwa mwendo wa siku nyingi kutoka pale.

Jioni alikwenda mbio kwa dada yake. Asmani alikuwa ameketi kizingitini, homa imekwisha, anatazama ziwa.

"Asmani, afadhali," Shafii alisema.

Asmani hakutikisika.

"Asmani."

"Haitike, kaka," Mwamini alinong'ona kutoka jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. "Tangu leo asubuhi. Ile jina haisikie kabisa. Nikimwita Baba Sikujua, anageuka. Nikisema jina lake anaangalia maji tu."

Shafii akachutama mbele yake. "Shemeji."

Hapo uso uligeuka, mpole, umechoka. "Shemeji, karibu. Huyu Asmani ni nani? Watu wote wanamutafuta." Kisha akainamisha kichwa akaweka sikio kwenye udongo wa sakafu. "Na hizi nyundo. Wewe unazisikia? Iko chini sana."

Shafii alisema hasikii kitu. Alisema kweli, na hiyo haikumpa raha.

Siku zilikwenda hivyo. Kila alfajiri Amissi aliita na rundo likajibu, kila alfajiri Shafii akabeba chuma kisicho na uzito nyuma ya mgongo usiotuliwa na nzi, na kila jioni alimkuta mume wa dada yake amepungua. Hakukonda, afadhali angekonda. Alipungua machoni pa watu. Wapita njia waliomsalimia Mwamini hawakumsalimia yeye. Jirani aliyekuja kuomba moto alimkanyaga mguu, akaendelea na maneno yake, na Asmani mwenyewe hakuuondoa. Mtoto wao Sikujua, wa miaka minne, peke yake ndiye aliyeendelea kumpandia mapajani, na siku moja akamwambia mama yake kwamba baba amekuwa baridi.

Ndipo Mwamini akamshika kaka yake mkono wakaenda kwa Biasha, mwanamke wa Ubwari aliyekaa mbele ya mdomo wa mto Murembwe akikamua mawese. Watu walimwendea kwa mambo ya ziwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akanusa nguo ya Asmani waliyomletea, akaiweka mbali naye. Kisha akamtuma Mwamini mtoni kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

"Nani alimuitikia mara ya kwanza?" aliuliza.

Shafii aliangalia mikono yake.

"Basi ni wewe." Biasha hakupandisha sauti. "Muliona nyinyi ndio wa kwanza kuleta reli hapa? Wenyewe, wale wa chini ya ziwa, wako nayo zamani. Inaanzia pale chini ya mawe, inapita chini ya ziwa mpaka kwetu Ubwari, iko na matawi saba. Tawi la kwanza walilijenga wakati wa misafara, wakati watu walikuwa wanafungwa shingo na kupelekwa pwani. Waliokufa njiani bila mutu kuwataja jina, hao ndio walifanya ile kazi. La pili walilijenga mwaka wa ndui. Bibi yangu alikuwa anahesabu vituo vyao kama vile wewe unahesabu masoko. Kila mahali wanahitaji mutu, na hawachukue mutu mwenye jina. Wanangoja jina itoke kwanza."

"Na mimi niliitoa."

"Wewe uliiweka barabarani. Mutu yuko nyumbani, jina yake iko kazini, katikati hakuna kitu. Mumoja wao akapita, akaokota." Akafuta mafuta vidoleni. "Ile karatasi yenu iko na siku ngapi?"

"Thelathini."

"Ikijaa, jina ni yake, na shemeji yako atashuka kwenda kufanya kazi ya kule. Dawa iko moja na si yangu. Wakiita ile jina, kabla huyo hajajibu, wewe uliyeitikia useme mbele ya watu wote: hayuko. Na useme ni wewe ulidanganya. Hapo ile hayuko yako itakuwa inamufukuza huyo aliyeokota. Lakini sikia vizuri, mwanangu. Karatasi ikishajaa usifungue mudomo, maana ile hayuko yako itakuwa inamuangukia shemeji yako."

Mwamini alisikika akipanda kutoka mtoni. Shafii alisema haraka, "Mama Biasha, usimwambie."

"Mimi siseme. Lakini wewe utasema lini?"

"Kesho," alisema Shafii.

Na alikusudia hivyo, tusimwonee. Lakini kesho yake, kabla majina hayajaitwa, Bwana Kamba alitokea hemani na askari wawili. Mtu mmoja wa Nyanza alikuwa amegunduliwa anamwitikia ndugu yake. Walimlaza juu ya pipa, wakampiga kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kila mmoja anaona. Ilipofika kumi na tano yule mtu aliacha kulia. Walimwondoa kwa machela, na kuanzia kiunoni hadi magotini hapakuwa na ngozi ya kushikwa. Kisha Amissi akafungua daftari.

"Asmani wa Kabonga."

Shafii alilitazama lile pipa.

"Niko," likajibu rundo.

Akasema kesho. Kesho yake akasema keshokutwa. Alikuwa na hesabu kichwani, akaikumbatia kama mgonjwa anavyokumbatia moto: zimebaki kumi, zimebaki nane, bado ipo nafasi. Vipande vyenyewe hakuweza kuviona. Amissi alivifungia kwenye sanduku la bati na kuvitoa vinapojaa tu, na cha Shafii hakikumsaidia kwa kuwa yeye alianza kazi wiki moja baada ya shemeji yake. Kwa hiyo alihesabu kwa vidole. Jumapili hawakuitwa, hakuihesabu. Siku ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wa Wadachi, bendera ilipandishwa, ng'ombe watatu walichinjwa, askari walipiga gwaride mchangani na wanawake wakapiga vigelegele wasivyojua vya nini, hawakuitwa, hakuihesabu. Jioni ya sikukuu ile alimpelekea dada yake nyama. Mwamini aliipokea, akamtazama usoni.

"Kaka, kama iko kitu unajua, uniambie."

"Sijui kitu," alisema Shafii, akaondoka na aibu yake.

Alipofikisha ishirini na tisa kwa vidole vyake, hakulala. Alimfikiria Sikujua, alimfikiria Mwamini anayeinuka kabla ya alfajiri kumwosha uso mtu ambaye dunia haimwoni, akalifikiria pipa, akalia kama mtoto. Kulipopambazuka alikuwa ameamua. Alipita kwa dada yake kwanza. Asmani alikuwa mkekani, macho wazi.

"Shemeji," Shafii alimwambia, "leo utarudi."

"Nyundo zimenyamaza," alisema Asmani. "Nafikiri wamemaliza."

Shafii alikwenda akasimama mstari wa mbele kabisa, na Amissi alipoanza kuita majina alisikia kila jina linavyotoka na kujibiwa, linatoka na kujibiwa, huku ile harufu ya makaa na chuma cha moto inakuja kwa nyuma polepole, inapita katikati ya watu ambao hawageuki, inamfikia shingoni, inasimama hapo, na alijua bila kutazama kwamba mwenye harufu hiyo leo hakubaki kwenye rundo bali amekuja kusimama karibu naye bega kwa bega kama mwenzi wa kazi alivyo.

"Asmani wa Kabonga."

"Hayuko," alisema Shafii. Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. "Hayuko, Bwana. Yuko nyumbani, ni mugonjwa. Mimi ndiye niliyemuitikia. Nilidanganya. Hayuko."

Mtu mmoja akaguna. Bwana Kamba alisogea, akamtazama Shafii, kisha akamtazama mtu wa pembeni yake, akacheka kwa masharubu yake ya manjano.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mimi, Bwana," ilisema sauti ya Asmani. "Shemeji yangu ameshikwa na homa. Umsamehe."

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyemgusa Shafii. Pipa lilikuwa palepale na kiboko kilikuwa palepale, na hakuna aliyemwita kuviendea. Amissi alimsogelea akamnong'oneza, kwa huruma kabisa.

"Wewe uende upumzike. Unasema nini, ndugu yangu? Mutu amemaliza kipande chake jana vizuri." Akafungua sanduku, akamwonyesha. Vyumba vyote thelathini vilikuwa na alama. Juu yake kililala kipya, kimeandikwa jina lilelile.

"Jana ilikuwa ishirini na tisa," alisema Shafii.

"Na ile ya Kaisari? Bwana alitoa ile siku bure. Watu wote niliwatilia."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tatu yule mtu aligeuza uso mzima kumtazama. Ulikuwa uso wa Asmani, haukupungukiwa kitu. Shafii alimwona nzi mmoja akija kwa uvivu, akazunguka, akatua kwenye shavu lile, na mkono ukainuka kumfukuza kama mkono wa mtu yeyote.

Alikimbia. Alikanyaga dagaa za watu, akatukanwa, hakusikia. Mwamini alikuwa amekaa chini nje ya nyumba, kanga imemwanguka, Sikujua amemshika shingo kwa nguvu. Miguu ya Mwamini ilikuwa na udongo mwekundu wa tuta mpaka magotini.

"Ameinuka sasa hivi," alisema, anatazama mbele. "Alikuwa kama mutu aliyeitwa. Akajifunga kaniki, akachukua kibuyu cha maji. Nikamuuliza unaenda wapi, akasema naenda kituo, nitachelewa. Nikamwita Baba Sikujua. Hakugeuka, kaka. Hata hiyo hakugeuka. Nikamufuata mpaka juu ya tuta, mahali hakuna kitu, hata vile vyuma havijafika, na nikasikia chuma kinakuja, kinakuja kwa nguvu, udongo unatetemeka miguuni kwangu, nikaona upepo wa moto umenipiga uso, na yeye akainua mguu hivi, kama mutu anapanda ngazi. Halafu nikaona ziwa tu."

Shafii alipiga magoti karibu naye. Alitaka kumshika, akaogopa kumshika.

Jioni walikuwa bado hapo hapo wakati yule alipokuja. Alipita njia ile ile ya Asmani, kwa mwendo wa Asmani. Jirani aliyeomba moto akamsalimia, "Amahoro, Asmani," naye akajibu salamu vizuri, akaulizia watoto. Akasema hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akaingia, akaketi mkekani. Sikujua alizika uso wake kwenye ubavu wa mama yake asiuinue.

"Kaka," Mwamini alisema kwa sauti ndogo sana. "Huyu si yeye."

"Si yeye."

"Ulijua?"

Shafii angeweza kusema hapana mara nyingine. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Ni mimi niliyemuitikia. Biasha aliniambia dawa. Nikaogopa kiboko."

Mwamini alimtazama, na hakulia wala hakumtukana, na Shafii angetoa mgongo wake upigwe hamsa ishirini kila asubuhi mpaka afe kama ingeondoa mtazamo ule. Kisha alimwinua mtoto, akamweka mikononi mwa kaka yake.

"Umupeleke huyu mbali. Umuvushe Ubwari, umupeleke popote. Na kule mutakapofika, usimwambie mutu jina lake."

"Na wewe?"

"Mutu akikosekana humu ndani, huyu atatoka kumutafuta."

Ndani, kwa sauti ile kavu ya mvuta tumbaku, jina la Mwamini liliitwa. Mara moja, kwa upole, kama mume anayetaka maji ya kunawa. Mwamini alijifunga kanga yake vizuri. Likaitwa mara ya pili. Alimtazama mtoto wake, akampa mgongo, akainama kwenye mlango wake.

"Abee," aliitika, akaingia.